TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: PONGEZI ZA UFAULU SITAZITIA SAHIHI

*Februari 2025*
*Kwa: wanachama wote wa tawi, viongozi wa mashina, vijana, wanawake na wazee wetu*

Ndugu wanachama,



Ujumbe huu ni mrefu kuliko kawaida yangu. Naomba usomwe mpaka mwisho kabla ya kunipigia simu, na ukisambazwa usambazwe wote. Asiyeweza kusoma asomewe na mwanawe. Mwanawe akishindwa kuusoma, basi huyo mzazi ameshaelewa nusu ya ninachotaka kusema.

Wiki iliyopita nililetewa rasimu ya salamu za pongezi. Tawi lilitakiwa kuipongeza wilaya kwa "kupanda kwa kishindo" kwa ufaulu wa darasa la saba. Nembo ya chama ilikuwa imeshawekwa juu, na chini kulikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Bango lake mmeliona kwenye makundi yetu, lenye picha za viongozi, asilimia imeandikwa kwa maandishi makubwa na neno HONGERA limerudiwa mara tatu.

Nimeirudisha rasimu ile bila sahihi. Nimeulizwa sababu na viongozi wawili, mmoja kwa upole na mwingine kwa ukali. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nawajibu hapa mbele ya wanachama, kwa sababu sahihi ya Katibu ni mali ya tawi, haijawahi kuwa ya Katibu peke yake.

Mnajua kazi yangu. Nina stashahada ya uhasibu, na kwa miaka mingi nimeandika vitabu vya hesabu vya maduka, vya vikoba na vya vyama vya akiba. Kazi hiyo imenifundisha kwamba mtu akikuonyesha jumla, umwombe daftari. Wazee wetu walishasema: mali bila daftari huisha bila habari. Watoto wetu ni mali, na kwenye bango lile nimeonyeshwa jumla tu.

*1. HIYO ASILIMIA INAHESABU NINI?*

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu wengi tunashangilia namba bila kujua imepatikana vipi.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Mtoto akipata kuanzia alama 121 anapewa daraja C na anahesabiwa amefaulu. Alama 121 kati ya 300 ni kama asilimia 40.

Sasa chukueni kalamu. Mtoto amepata Kiswahili 35, Maarifa ya Jamii 24, Uraia 26, Sayansi 22, Kiingereza 9 na Hisabati 8. Jumlisheni: 124. Mtoto huyo ana E ya Kiingereza na E ya Hisabati, na kwenye bango la wilaya yumo ndani ya asilimia inayoshangiliwa. Amefaulu. Anapangiwa kidato cha kwanza, na siku ya kwanza darasani anakuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo amepata alama 9 kati ya 50.

Nimejitungia mfano huu ili hesabu ionekane, lakini kila mwenye simu anaweza kupata mifano ya kweli. Baraza la Mitihani linaweka matokeo kwenye tovuti yake: unafungua mkoa, kisha halmashauri, kisha shule. Kila mtahiniwa ana mstari wake wenye madaraja ya somo moja moja, na mwishoni daraja la wastani. Acheni kwanza ule mwisho. Shukeni na safu ya Hisabati peke yake, hesabuni D na E. Kisha shukeni na safu ya Kiingereza. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja kwa shule ambazo watoto wetu wanasoma, na nililala saa nane.

Kitaifa, ufaulu wa darasa la saba mwaka 2024 ulikuwa asilimia 80.87. Kidato cha nne mwaka huohuo, ufaulu ulikuwa asilimia 92.37. Namba nzuri za kuweka kwenye bango. Lakini kwenye matokeo hayohayo ya kidato cha nne, waliofaulu Hisabati ni takriban robo tu ya watahiniwa. Katika kila vijana wanne, watatu wameondoka shuleni bila Hisabati. Inakuwaje asilimia 92 wafaulu na robo tatu washindwe Hisabati? Inawezekana kwa sababu daraja la nne nalo ni kufaulu, na kwa sababu somo moja hufunikwa na mengine, kama deni linavyofunikwa na mauzo kwenye duka ambalo mwenyewe hataki kujua hali yake.

Nina jirani yangu, kijana wa kidato cha pili, aliyefaulu darasa la saba kwa C. Likizo iliyopita alikuja kunisaidia kuhesabu mzigo kwenye duka ninaloandikia vitabu. Katoni 12, kila moja ina pakiti 24. Nilimuuliza jumla. Alichukua karatasi, akaandika 24 mara kumi na mbili kwenda chini, akaanza kujumlisha kwa vidole, akapotea katikati, akaanza upya. Hakuwa mvivu, na wala hakuwa mjinga. Alitokwa jasho akijaribu. Miaka tisa amevaa sare, na hakuna aliyewahi kumwambia mama yake kwamba mtoto hajui kuzidisha. Kila mwaka alichoambiwa mama ni kwamba mtoto amepanda darasa. Kijana huyo yumo kwenye asilimia za mwaka wake. Naye alipongezwa.

*2. WASIOINGIA KWENYE HESABU*

Swali la pili la mhasibu: asilimia ya nini? Ya wangapi?

Asilimia ya ufaulu inapigwa kwa watoto waliofanya mtihani. Wale walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba nyuma hawamo kwenye hesabu hiyo. Shule ikiandikisha watoto 100, 30 wakapotea njiani, 70 wakafanya mtihani na 56 wakafaulu, bango litasema asilimia 80. Mzazi akihesabu kutoka mlangoni atapata 56 kati ya 100. Namba zote mbili ni sahihi kwa hesabu, lakini moja tu ndiyo inayowakumbuka wale 30.

Hao 30 tunawajua. Wengine wanachunga ng'ombe za watu. Wengine wako kwenye machimbo, wengine wanauza karanga stendi, na baadhi ya mabinti wako majumbani mwa watu mijini tangu darasa la tano. Wengine ni wale waliokaririshwa baada ya upimaji wa darasa la nne, wakaona aibu kukaa na wadogo zao, wakaacha kimyakimya.

Kuna jambo lingine ambalo ni zito, na naliandika kwa uangalifu kwa sababu sitaji shule wala mtu. Mama mmoja mwanachama wetu alinifuata baada ya kikao. Aliambiwa mwanawe "apumzike" asubiri mwakani, kwa sababu akifanya mtihani atashusha wastani. Mtoto amepumzika. Ni mwaka wa pili sasa anapumzika, yuko gereji anashika spana. Simlaumu mwalimu aliyetamka maneno hayo peke yake. Nalaumu utaratibu unaomwita mwalimu kwenye kikao cha tathmini, ukamsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu ya wastani, bila kumuuliza hata mara moja watoto wangapi wamepotea mikononi mwake. Mtu unayempima kwa namba moja ataitunza hiyo namba, na kama njia ya kuitunza ni kumwacha mtoto nje, basi mtoto ataachwa nje.

Wenye mtihani wenyewe waliona tatizo la mashindano haya. Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Ligi hiyo ikafutwa juu. Huku chini tumeendelea nayo: kata inapangwa na kata, wilaya na wilaya, vikombe vinatolewa, mabango yanachapwa.

Na tusisahau historia. Februari 2013 yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, aliunda tume. Miezi michache baadaye matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine, na ufaulu ukapanda. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa pointi ukachukua nafasi ya madaraja, kisha madaraja yakarudi. Katika kupanda na kushuka kote huko, je, kuna mtoto hata mmoja aliyejua kusoma zaidi kwa sababu kipimo kilibadilishwa? Ukibadilisha mizani sokoni, mchele hauongezeki.

*3. SHILINGI MIA TANO*

Sasa tuje kwenye fedha, eneo ambalo nina haki ya kusema kwa kujiamini.

Tangu Januari 2016 elimumsingi inatolewa bila ada. Ni jambo kubwa, na nalitetea popote. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa ada na michango waliingia darasani. Lakini kumtoa mtoto nyumbani ni nusu ya safari.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000. Gawanyeni kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo ni chapati moja.

Shule yenye watoto 800, ukubwa wa kawaida kabisa huku kwetu, inatakiwa kupata shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi na shajala, atungishe na kuchapisha mitihani, arekebishe madawati na milango, aendeshe michezo na alipe gharama za ofisi. Nani kati yetu anaendesha familia ya watu sita kwa laki nne? Huyu anaendesha watu 800.

Na kiwango hicho ni cha zamani. Kilipangwa wakati wa MMEM, mwaka 2002, kikilinganishwa na dola 10 za Marekani kwa mtoto. Wakati ule dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi elfu moja. Leo shilingi 10,000 hazifikishi dola tano. Bei ya karatasi imepanda, bei ya mbao imepanda, bei ya kila kitu imepanda, mtoto amebaki kwenye bei ya mwaka 2002. Yeyote anayepongeza ufaulu aseme kwanza ni lini alisimama kikaoni akadai kiwango hiki kipandishwe. Kama hajawahi, pongezi yake haina risiti.

Upande wa pili, ndugu zangu, hata hizo laki nne zina maswali yake. Utaratibu wa serikali za mitaa unataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wananchi wayaone. Nendeni mkaangalie. Utakuta tangazo la chanjo la mwaka juzi na ratiba ya mechi. Fedha iliingia lini? Kiasi gani? Kamati ya shule ilikaa lini kuidhinisha? Hati za malipo ziko wapi? Sisemi kuna aliyeiba. Sina ushahidi huo na sitamchafua mtu. Nasema hatujui, na pahali ambapo hatujui, mwaminifu na mwizi wanafanana. Ubao mtupu unamuumiza mwalimu mkuu mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote, maana hana cha kujitetea nacho siku uvumi ukianza.

Kisha kuna michango. Mnakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuchangisha wazazi, na wenye kutaka kuchangia wakaelekezwa wapitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Leo michango imerudi kwa majina mapya. Kuna ya kambi ya darasa la saba, ya mitihani ya ujirani mwema, ya masomo ya jioni, ya uji. Mimi si adui wa uji. Mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini mchango wa hiari ambao mtoto wa asiyeutoa anarudishwa nyumbani umeshakuwa ada. Na ukiwauliza wakusanyaji stakabadhi, wanakuonyesha daftari la mistari lenye majina na alama za vema. Hiyo kwenye somo langu haiitwi hesabu.

*4. NANI ANAWAJIBIKA?*

Huwa nawauliza viongozi: mtoto akimaliza miaka saba bila kujua kuzidisha, nani anajibu?

Mtaala na sera ni za Wizara ya Elimu. Shule na fedha za uendeshaji ziko chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri. Vitabu ni vya Taasisi ya Elimu. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani. Nidhamu ya mwalimu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukaguzi ni wa wathibiti ubora. Kwenye kata yupo Afisa Elimu Kata, kijijini yupo mtendaji, shuleni ipo kamati. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Matokeo yakiwa mazuri wote wanapiga picha. Yakiwa mabaya kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake, na mwishoni vidole vyote vinamwangukia mwalimu wa darasa, ambaye hakupanga idadi ya watoto wala kiwango cha ruzuku.

Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Pitieni darasa la kwanza na la pili katika shule zetu mhesabu vichwa, kisha mtaelewa kwa nini kusoma, kuandika na kuhesabu havikai. Mara nyingi walimu wanapangwa kwa wingi darasa la saba kwa sababu huko ndiko kwenye mtihani, na darasa la kwanza, panapojengwa msingi, anaachiwa mwalimu mmoja. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na asilimia ya bango: inavuta nguvu zote zije kupaka rangi paa wakati msingi uko wazi.

Na muda hautusubiri. Kwa sera mpya ya elimu, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto waliokuwa darasa la nne mwaka 2025 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la tano mwaka 2025 watamaliza darasa la saba. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Vyumba viko wapi? Walimu wa Hisabati wako wapi? Watoto hao hawasubiri kuzaliwa. Wako madarasani hivi sasa, tunajua majina yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa umeshaandikiwa tarehe.

*5. LAWAMA YA KWETU WENYEWE*

Sasa nageukia ndani, na hapa baadhi yenu mtakasirika.

Kamati za shule zimo humu tawini. Nani alizipanga? Mara nyingi ni sisi. Nafasi ya ujumbe wa kamati imegeuzwa kuwa kifuta jasho kwa aliyekosa nafasi nyingine. Tumepeleka watu hodari wa kupiga makofi ambao hawajawahi kuuliza taarifa ya benki. Mjumbe mmoja aliniambia yeye husaini karatasi anazoletewa nyumbani jioni "ili kumsaidia mwalimu". Ndugu yangu, hapo humsaidii mwalimu. Unaweka jina lako chini ya jambo usilolijua.

Na wazazi je? Mkutano wa wazazi ukiitwa, wanakuja akina mama ishirini na baba wawili, mmoja kati yao amekuja kutafuta saini. Kikao cha kupanga sherehe ya harusi kinajaa, na taarifa ya fedha inasomwa mpaka senti ya mwisho. Mimi mwenyewe sijitoi. Mwaka jana nilikosa mikutano miwili ya shule ya wanangu, nikijiambia nina kazi za chama. Kazi gani ya chama inayopita hiyo? Naomba radhi kwa hilo, na sirudii.

Nimeambiwa: "Katibu, mwaka 2025 ni wa uchaguzi. Unawapa wapinzani wetu maneno." Jibu langu ni hili. Mama ambaye mtoto wake hajui kusoma hahitaji mpinzani wa kumwambia. Anajua tangu siku alipompa mtoto barua ya hospitali amsomee na mtoto akaishika tu. Tukimfuata mama huyo na bango la HONGERA, tutakuwa tumemwambia kwamba hatumwoni. Chama kinachosema ukweli kuhusu shule ya kijiji chake kina la kuongea mlangoni kwake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimeambiwa pia: "Utawavunja moyo walimu." Nani amewavunja moyo zaidi: anayesema wameachiwa watoto mia kwenye chumba kimoja na mia tano kwa mwezi, au anayesema mambo ni mazuri na hakuna kinachohitajika? Salamu za pongezi kama zile zinafunga mlango. Ukishapongeza kwamba kila kitu kimepanda, kesho utaenda kuomba mwalimu wa nyongeza kwa sababu ipi?

Na yupo aliyesema kwamba namba imepanda kweli, basi tukubali. Nakubali kwamba kuna kazi imefanyika, na wapo walimu ninaowajua wanaobaki na watoto mpaka magharibi bila senti. Hao nitawapongeza kwa majina yao, ana kwa ana, na tawi lifanye hivyo. Ninachokataa ni kuipongeza namba.

*6. NINACHOOMBA TAWI LIFANYE*

Nimeshazungumza na Mwenyekiti wa tawi. Hatukubaliani kwa kila kitu, lakini amekubali ajenda hii iingie kwenye kikao cha Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mapendekezo yangu ni haya:

*Moja.* Tawi lisitoe pongezi wala lawama kwa asilimia yoyote mpaka tuwe na karatasi moja ya kila shule yenye mistari hii: walioandikishwa darasa la kwanza, waliofika darasa la saba, waliofaulu Hisabati, waliofaulu Kiingereza, idadi ya walimu, na ruzuku iliyopokelewa kwa mwaka. Mistari sita. Haizidi ukurasa mmoja.

*Mbili.* Tuombe kwa barua, kwa heshima na kwa kufuata ngazi, mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao kila robo mwaka. Mwalimu mkuu asiyekuwa na mtu wa kumsaidia kupanga hesabu, mimi niko tayari kukaa naye Jumamosi bila malipo. Wahasibu wengine wa tawi, jitokezeni.

*Tatu.* Nafasi za kamati za shule zitakapokuwa wazi, tusipeleke majina ya kupozana. Tupeleke wazazi wenye watoto katika shule hiyohiyo, wanaojua kusoma taarifa ya fedha au walio tayari kufundishwa. Na yeyote, hata asiye mwanachama wetu, akifaa, tumwunge mkono.

*Nne.* Kila shina lihesabu watoto wa umri wa shule wasiokwenda shule katika eneo lake. Majina yasitumwe kwenye kundi. Yaletwe kwangu kwa mkono, nasi tuyafikishe kwa mtendaji na Afisa Elimu Kata. Watoto hawa ni wa kurudishwa darasani, si wa kutangazwa.

*Tano.* Diwani aombwe aje kwenye kikao chetu atueleze mambo mawili: amesema nini barazani kuhusu ruzuku ya 10,000, na kata yetu imejiandaa vipi kwa Januari 2028. Aje na karatasi. Chai ataikuta.

*Sita.* Marufuku mwanachama wa tawi hili kumtukana mwalimu kwenye kundi lolote kwa jina la chama. Mwenye malalamiko ayaandike, aweke jina lake, tuyafikishe panapohusika.

Kikao kikikataa mapendekezo haya, nitaandika kwenye muhtasari kwamba yamekataliwa, na nitaendelea na kazi nyingine za tawi kama kawaida. Kikao kikiamua kwamba lazima pongezi zile zitoke, zitatoka kwa sahihi ya mwingine. Sina ugomvi na mtu. Nina ugomvi na jumla isiyokuwa na daftari.

Jambo la mwisho. Jioni hii, kila mwenye mtoto wa darasa la nne na kuendelea amwite. Ampe gazeti au kitabu chochote, amsikilize akisoma aya moja. Kisha amuulize 24 mara 12. Asimpige wala asimcheke. Asikilize tu. Jibu atakalopata ndilo matokeo ya wilaya yetu, na halihitaji bango.

Jibu la mara ile, kwa wanaotaka kujua, ni 288. Kijana wa jirani yangu alilifikia baada ya robo saa na karatasi mbili. Alipolipata alicheka kwa furaha, akaniomba nimpe nyingine. Tumekuwa tukikaa kila Jumapili baada ya ibada, na sasa wamekuwa wanne. Mwenye mtoto anayetaka kuja, amlete. Aje na daftari.

Hili ni tangazo la njia moja, majibu hayaonekani kwa wengine. Mwenye hoja anipigie au aje nyumbani, na kikaoni tuonane wote.



*Katibu wa Tawi*